Nani Anamwita Mchungaji? Safari Katika Nchi ya Walutheri wa Kinorwei

Kanisa la kale la Muskego ni dogo kuliko makanisa mengi ya mitaa yetu ya Iringa. Kuta zake ni magogo ya mwaloni yaliyochongwa kwa shoka, ndani kuna roshani, na mimbari ni ya mbao nyeusi za mjozi. Nililiona St. Paul, Minnesota, Marekani, kwenye kilima cha Seminari ya Luther, ingawa halikujengwa hapo. Wahamiaji wa Kinorwei walianza kulijenga Wisconsin mwaka 1843, likawekwa wakfu Machi 1845. Miaka ilipopita wakajenga jingine kubwa, hili likauzwa na kuwa ghala la mkulima. Mwaka 1904 ndipo lilipookolewa, likabomolewa na kusimamishwa upya kilimani pale.

Nilikuwa Minnesota kwa sababu ya Bega kwa Bega, undugu wa Dayosisi ya Iringa ya KKKT na Sinodi ya Eneo la Saint Paul. Ndugu hawa huja kwetu, hulala vijijini, hula ugali pamoja nasi. Safari hii zamu ilikuwa yetu, na mimi niliyetumwa kama mzee wa kanisa niliomba jambo moja zaidi ya ratiba: nipelekwe kuona makanisa ya babu zao. Wenyeji wangu, mume na mke wastaafu, wote wa ukoo wa Kinorwei, walikubali kunizungusha kwa gari lao. Mama huyo amefika Iringa mara nyingi hata washarika wetu humwita Bibi. Asubuhi ya kuondoka alinisalimu "Kamwene" kama mtu aliyezaliwa Kalenga.

Nilikuwa na swali linalonisumbua siku nyingi. Kwetu mchungaji hupangwa na dayosisi. Barua inakuja, tunampokea, na barua nyingine ikija tunamuaga. Kwao usharika huunda kamati, huhoji watu, hukutana na kupiga kura, kisha ndio unaomwita mchungaji wake. Askofu hushauri na kuleta majina, lakini kura ni ya washarika. Utaratibu huu waliutoa wapi? Si Norwei. Karne ya 19 kanisa la Norwei lilikuwa la serikali, mchungaji alikuwa afisa wa mfalme, akivaa joho jeusi na kola nyeupe ya mikunjo iliyomzunguka shingo nzima. Mkulima alimvulia kofia njiani.

Jibu la kwanza lilikuwa mle mle ndani ya kanisa la magogo. Chombo Restauration kilipong'oa nanga Stavanger Julai 1825, na watu 52, hakikuwa na mchungaji. Waliofuata nao hawakuwa naye. Kwa takriban miaka 20 Wanorwei wa Marekani walizika wafu wao na kufundisha watoto katekisimu wenyewe, kwa kusoma vitabu vya mahubiri walivyofunga ndani ya masanduku yao ya mbao. Waliohubiri walikuwa walei. Elling Eielsen, aliyefika 1839, alikuwa mhubiri wa uamsho ulioanzishwa na Hans Nielsen Hauge, na alitembea kwa miguu hadi New York ili kuchapisha Katekisimu Ndogo ya Luther kwa Kiingereza, watoto wasije wakaipoteza imani pamoja na lugha. Watu wa Muskego nao mwaka 1843 walimpata kijana wa Kidenmarki, Claus Lauritz Clausen, aliyekuja awe mwalimu wa watoto. Wakaona anafaa. Wakamwandikia barua ya wito kwanza, ndipo mchungaji wa Kijerumani akamwekea mikono mwezi Oktoba. Wito wa watu ulitangulia, mikono ikafuata. Nilisimama mbele ya mimbari ile nikalitafakari jambo hilo kwa muda, hadi Bibi akanikumbusha kwamba barabara ni ndefu.

Tuliteremka kusini. Ilikuwa Oktoba, mahindi yamekauka mashambani, mashine zikivuna hadi usiku kwa taa. Mkoa wa Goodhue una minara ya makanisa kila upande, na mmojawapo ni wa Holden, usharika wa Bernt Julius Muus, aliyefika hapo 1859 na kuhudumu miaka 40. Eneo lake lilikuwa pana kuliko majimbo mengine ya kanisa ya leo. Alizunguka kwa farasi na kwa gari la theluji, akibatiza, akifungisha ndoa, akianzisha sharika kadhaa. Huyu ndiye aliyesukuma kuanzishwa kwa shule ya St. Olaf huko Northfield mwaka 1874, ambayo leo ni chuo kikubwa chenye kwaya inayojulikana nchi nzima.

Lakini Holden ina habari nyingine, na Bibi ndiye aliyenisimulia tukiwa tumesimama makaburini. Oline, mke wa Muus, alirithi fedha kutoka kwa baba yake. Mume akazichukua, kwa kuwa sheria ya Norwei ilimpa mume mali ya mke. Mwishoni mwa 1879 Oline akaenda mahakamani: tuko Minnesota, alisema, na hapa mwanamke aliyeolewa ana haki ya mali yake. Mke wa mchungaji kumshitaki mchungaji! Magazeti ya Kinorwei yalijaa habari hiyo, usharika ukakutana kujadili maisha ya nyumba yao mbele ya watu wote. Mahakama ilimpa sehemu ya fedha, na mwaka 1883 wakatenganishwa kisheria. Muus alikuwa mtumishi hodari, sina shaka. Ila nilipofikiria wake wa wachungaji ninaowafahamu, wanaohamishwa kila mara na kuanza upya bustani na marafiki, nilimheshimu Oline. Alidai kilicho chake mahali ambapo kudai kulikuwa aibu.

Tulilala Decorah, Iowa. Mji huu umebeba jina la Waukon Decorah, kiongozi wa watu wa Ho-Chunk, ambao serikali iliwahamisha kutoka Iowa mwaka 1848. Mwaka uliofuata mji ukaanzishwa, na Wanorwei wakaanza kufika. Hata kilima cha kwanza cha kanisa la Muskego kilikuwa na matuta ya kale ya udongo yaliyojengwa na wenyeji wa nchi ile. Ardhi ya serikali iliuzwa dola 1.25 kwa eka, na kwa mtu aliyetoka nchi yenye miamba, ambako ardhi ya kulima ni kidogo mno, bei hiyo ilikuwa muujiza. Bei iliwezekana kwa sababu wenyewe walikuwa wameondolewa. Wenyeji wangu hawakulikwepa jambo hili, na mimi sitalikwepa.

Makumbusho ya Vesterheim yapo katikati ya Decorah, na ningeweza kukaa humo wiki nzima. Kuna masanduku ya safari yaliyochorwa maua, kuna ala iitwayo psalmodikon yenye uzi mmoja, ambayo iliongoza nyimbo pale ambapo kinanda hakikuwepo. Makumbusho hayo huhifadhi pia nyumba ya magogo ya familia ya Egge. Ukubwa wake ni kama mita nne kwa tano. Siku za Krismasi mwaka 1853 waliingia humo mchungaji Ulrik Vilhelm Koren, aliyekuwa ametimiza miaka 27, na mkewe Elisabeth, mwenye umri wa miaka 21, wote watoto wa nyumba za wasomi wa Norwei. Wenye nyumba walikuwa mume, mke na watoto wawili. Pazia likatundikwa katikati, na watu sita wakaishi hivyo majira ya baridi ya Iowa, ambayo hugandisha mito.

Koren hakukaa pale. Alikuwa na sharika zilizotawanyika kaskazini mashariki mwa Iowa hadi Minnesota, akiondoka kwa majuma. Elisabeth alibaki nyuma ya pazia, akaandika shajara. Kwa shajara hiyo tunajua waliyokula, jinsi alivyomngoja mumewe bila habari, na jinsi wakulima waliokuja kuandikisha ubatizo walivyosimama mlangoni wakiona aibu. Wanahistoria hunukuu maazimio ya sinodi, lakini mimi nadhani maisha ya kanisa yamo zaidi katika kurasa za yule binti. Alimjua kila mama aliyejifungua na kila mtoto aliyezikwa.

Koren alibaki mchungaji wa Washington Prairie mpaka kifo chake mwaka 1910. Miaka 57 katika usharika mmoja! Nilimuuliza mwenyeji wangu alilipwaje. Akanieleza utaratibu wao wa kale: washarika waliandikisha ahadi za mwaka, kuna sadaka za sikukuu tatu, yaani Krismasi, Pasaka na Pentekoste, ambazo ni za mchungaji mwenyewe, na kuna ada ya ubatizo, ndoa na mazishi. Mara nyingi kulikuwa pia na shamba la usharika ambalo mchungaji alilima. Nilicheka kwa furaha, maana nilijiona nyumbani: ahadi, bahasha, sikukuu ya mavuno, na mnada wa mbuzi na maboga baada ya ibada. Na pale mchungaji alipokuwa safarini, mwimbishaji wa kanisa, aliyekuwa mkulima kama wengine, aliongoza sala na kusoma mahubiri, kama wainjilisti wetu wanavyobeba mitaa ambayo mchungaji huifikia mara moja kwa mwezi.

Hapo ndipo swali langu lilipoanza kujibika. Mfalme hakulipa mshahara Iowa. Aliyelipa ni mtu mwenye ng'ombe watatu, na mtu anayelipa kwa jasho lake huuliza.

Kutoka Decorah tulivuka mto Mississippi kwenye daraja la Prairie du Chien, tukaingia Wisconsin. Lengo lilikuwa Koshkonong, mashariki ya Madison, mahali ambapo mchungaji wa kwanza aliyesoma chuo kikuu cha Norwei na kuwekewa mikono kule alianza kazi. J. W. C. Dietrichson alifika 1844, nauli yake ikiwa imelipwa na fundi wa kutia nguo rangi mjini Christiania, yaani Oslo ya leo. Septemba mosi alihubiri ndani ya ghala la mkulima. Siku ya pili akahubiri chini ya mwaloni. Mwezi Oktoba akaanzisha usharika wa mashariki na wa magharibi. Kila aliyetaka kujiunga aliulizwa maswali, na mojawapo lilikuwa kama ataonyesha utii kwa mchungaji.

Wengi walikubali kwa moyo. Wengine walisema hawakuvuka bahari ili kumvulia mtu kofia tena. Mlevi mmoja aliyetengwa alikaidi akaingia kanisani, Dietrichson akaamuru atolewe, na mwisho wake mchungaji akapigwa faini na mahakama ya Wisconsin. Sisi tunaojua kutengwa na kurudi kundini tutaelewa uchungu wa pande zote mbili. Dietrichson alitaka kanisa lenye utaratibu katika nchi ambako kila mhubiri wa barabarani alibatiza apendavyo, na alikuwa na sababu. Ila alidhani utaratibu ni kitu kinachoshuka kutoka juu tu. Mwaka 1850 alirudi Norwei.

Koshkonong ya leo ni tulivu, mashamba na mabanda mekundu. Tulipita mahali ambapo, Bibi aliniambia, babu zake waligombana hata ndugu wakaacha kusalimiana. Ugomvi wenyewe ulihusu uteule: je, Mungu alimchagua mtu tangu milele kwa neema peke yake ili aje aamini, au alimchagua kwa kuwa aliiona mbele imani ambayo angekuwa nayo? Wakulima walijadili hayo dukani na kwenye kinu miaka yote ya 1880. Ijumaa Kuu ya 1883 mchungaji H. A. Preus, rais wa Sinodi ya Kinorwei, yaani umoja wa sharika zao, alibebwa pamoja na mwanawe na kutolewa nje ya kanisa la Norway Grove na washarika wake mwenyewe. Karibu theluthi ya Sinodi iliondoka, na mahali pengi yakajengwa makanisa mawili ya Kilutheri yanayotazamana. Nikiri wazi kwamba nilihuzunika. Walei wana haki, lakini kumbeba mzee aliyewabatizia watoto na kumtupa nje siku ya msalaba si haki ya mtu yeyote. Iliwachukua hadi Juni 1917 makundi makubwa matatu kuungana mjini St. Paul.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kusini magharibi, karibu na Orfordville, kuna Luther Valley, zamani ikiitwa Rock Prairie. Hapo Sinodi ilikutana kiangazi cha 1861. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimeanza Aprili. Sinodi haikuwa na chuo chake. Vijana wake wa uchungaji walisoma St. Louis, katika seminari ya Wajerumani wa Sinodi ya Missouri, kwenye jimbo lililoruhusu utumwa, na vita vilipoanza wakarudishwa makwao. Walei wakauliza hadharani: walimu wetu wana msimamo gani juu ya utumwa? Wachungaji wakakaa, wakatafuta katika Biblia, wakatoa tamko kwamba utumwa ni uovu na adhabu itokayo kwa Mungu, lakini kumiliki mtumwa si dhambi kwa asili yake.

Walei walikataa. Watu waliosoma katekisimu tu na gazeti la Emigranten waliwaambia watu waliosoma Kigiriki na Kiebrania: mmekosea. Clausen, yule aliyeitwa na wakulima wa Muskego, alikuwa ametia sahihi. Akatafakari, akaifuta kauli yake mbele ya wote, na mwaka 1868 akaiacha Sinodi. Majadiliano yaliendelea hata baada ya vita kwisha na watumwa kuwekwa huru, na viongozi wa Sinodi hawakurudi nyuma.

Mwaka huo wa 1861 soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi, na misafara ilikuwa ikipita bara kwetu ikishuka pwani na watu waliofungwa shingo. Lilifungwa 1873. Kwa hiyo nilipokuwa nimesimama mbele ya kanisa lile la Luther Valley sikuweza kuisoma habari hii kama mgogoro wa watu wengine. Wale wachungaji hawakuwa watu wabaya. Koren alikuwa mmoja wao. Walikuwa watu wema waliojali neno na kuliogopa, wakaligeuza kuwa hesabu, wakamsahau mtu aliyefungwa mnyororo. Na walioliona jambo waziwazi ni wale ambao hawakuwa na cheo cha kulinda. Kikao kile kile, kwa bahati, ndicho kilichoamua waanzishe chuo chao, Luther College, kilichofunguliwa mwaka huo huo na kuhamia Decorah 1862. Kutoka katika kikao kimoja yalitoka tamko la aibu na shule ambayo bado inafundisha.

Madison tulikuwa tumepita kwenye sanamu ya shaba ya Kanali Hans Christian Heg mbele ya jengo la serikali ya jimbo. Heg alikuja Muskego 1840 akiwa mtoto. Ghala la baba yake, Even Heg, lilikuwa nyumba ya kufikia wageni na mahali pa ibada kabla ya kanisa kujengwa. Alikua akipinga utumwa. Vita vilipoanza aliunda Kikosi cha 15 cha Wisconsin, karibu wote Waskandinavia, na Clausen akawa kasisi wake wa jeshi wa kwanza. Karibu theluthi ya vijana wale hawakurudi. Heg alipigwa risasi Chickamauga Septemba 1863 akafa kesho yake. Juni 2020, katika hasira za maandamano, sanamu yake iliangushwa na kutupwa ziwani, ikasimamishwa tena 2021. Bibi alisema aliyeiangusha pengine hakujua ni nani. Mimi nilimjibu kwamba tamko la 1861 lilisomwa na wengi kuliko maisha ya Heg, na kanisa ndilo lenye kazi ya kurekebisha hilo.

Mwisho tulifika Norway Hill, karibu na Wind Lake, ambako kanisa la magogo la St. Paul lilitoka. Kanisa lililolirithi lilijengwa 1869, na Heg amelala kwenye makaburi yake. Makaburi hayo yana watoto wengi. Muskego ilikuwa nchi ya mabwawa, na malaria iliua watu wengi katika miaka ya kwanza, kisha 1849 kikaja kipindupindu. Wanorwei kufa kwa malaria! Sikuwahi kuwaza hilo.

Jioni tulikula kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja la njiani, kwenye chakula chao cha vuli. Samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi makali kisha kwenye maji kwa siku kadhaa, akachemshwa na kumwagiwa siagi. Na mkate mwembamba wa viazi unaopikwa na kukunjwa kama chapati. Akina mama ndio walioendesha kila kitu. Vyama vyao vya wanawake vilisomesha wachungaji na kugharimia misheni tangu karne ya 19, miaka ambayo wao wenyewe hawakuwa na kura katika mikutano ya sharika. Mchungaji aliyeomba sala ya chakula alikuwa mwanamke. Kanisa lao lilianza kuwawekea mikono wanawake mwaka 1970. Hakuna aliyezungumza Kinorwei zaidi ya sala hiyo. Mei 1918 gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni hata kanisani, na ingawa amri hiyo haikudumu, hofu yake ilidumu. Mwaka 1946 kanisa liliondoa neno Kinorwei kwenye jina lake.

Mezani wakaniuliza kwetu mchungaji anapatikanaje. Nikawaeleza mpango wa dayosisi. Mzee mmoja akasema labda ni bora, maana usharika wake una mwaka wa pili bila mchungaji: wachache wanahitimu, na mtu akiitwa anaangalia mji gani una shule na kazi ya mwenzi wake. Sharika ndogo za mashambani ndizo zinazoachwa. Kwetu kijiji cha mbali hupata mtumishi kwa sababu askofu amesema nenda. Hilo sikuwa nimelipima vizuri kabla ya jioni ile, na sasa nalithamini.

Hata hivyo, nimeandika hoja kwa ajili ya mkutano mkuu wa usharika wetu. Naomba kwamba kabla mchungaji hajahamishwa, baraza la wazee liitwe na kusikilizwa, na kauli yake iandikwe na kupelekwa pamoja na barua. Naomba pia mke au mume wa mchungaji aulizwe. Mume wa Bibi aliisoma tukiwa njiani kurudi St. Paul, akaniomba niongeze kifungu: wazee wakimlalamikia mchungaji, naye awe na haki ya kuwasikia uso kwa uso. Alikuwa akimfikiria Preus. Nimekiongeza.